Bustani ya mboga nyumbani Dar baada ya masika: kazi za kila siku na namna ya kuchuma

Masika yakishaisha, kuanzia mwezi wa sita hivi, Dar inapata kale kabaridi ka asubuhi, upepo wa kusi unaanza kuvuma, jua linakuwepo lakini halikaangi kama lile la Januari na Februari, na ardhi chini bado ina unyevu. Huo ndio msimu wa mboga wa mji huu. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, ukisogea kidogo mpaka Septemba. Ukiwa na kaeneo nyuma ya nyumba hata mita 4 kwa 5, au viroba kumi vilivyojazwa udongo pembeni ya ukuta, huu ndio wakati wa kula mboga yako mwenyewe bila kwenda genge kwa miezi mitatu minne.

Mi nakaa huku Goba na nina mwaka wa sita sasa nalima nyuma ya nyumba. Kitu nilichojifunza ambacho nataka kukuambia kabla ya vyote ni hiki: watu wengi wanajua kupanda, wanaoshindwa ni kuchuma. Mtu anaotesha mchicha vizuri kabisa, unapendeza, anauangalia tu anaona huruma kuugusa, wiki mbili baadaye umetoa maua na shina limekuwa gumu kama kuni, ndo anaanza kulalamika kwamba mbegu mbovu. Mboga za majani na bamia usipochuma zinajua zimemaliza kazi, zinakimbilia kutoa mbegu. Ukichuma kila wakati zinaendelea kutoa. Kwa hiyo kuchuma ni kazi ya kila siku sawasawa na kumwagilia na kupalilia, na mimi ratiba yangu yote nimeijenga kwenye kuchuma, kazi zingine zinafuata humo humo.

Asubuhi, kabla jua halijapanda

Mwezi wa sita na wa saba jua linachomoza saa 12 na nusu hivi. Mi natoka na vitu vitatu, ungo, kisu kidogo kikali na ndoo ya maji nusu. Sianzi kumwagilia. Naanza kuzunguka. Napita tuta kwa tuta nainama nageuza majani naangalia chini yake, maana karibu kila mdudu wa mboga anapenda kukaa chini ya jani, vidukari, inzi weupe, mayai ya vipepeo, utitiri. Ukisimama wima ukaangalia kwa juu utaona bustani nzuri tu kila siku mpaka siku moja imekwisha. Inama.

Huku nazunguka ndo nachuma. Mboga ya asubuhi imejaa maji ya usiku, jani limekaza, linadumu kuliko lililochumwa saa 8 mchana likiwa limelegea. Ila kuna kitu kimoja, kama umande ni mwingi sana usishikeshike nyanya, maharage na matango wakati majani yana maji, unahamisha magonjwa ya ukungu kutoka mche mmoja kwenda mwingine kwa mikono yako mwenyewe. Hizo ziache mpaka zikauke, chuma mchicha na sukuma kwanza.

Kwa anayeondoka alfajiri kuwahi mwendokasi, fanya jioni kuanzia saa 10 na nusu, hakuna dhambi, ila mboga ukiichuma jioni iloweke mashina kwenye bakuli la maji dakika 20 itasimama tena.

Namna ya kuchuma, mboga moja moja

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndo penye siri.

Mchicha. Ukipanda kwa mbegu unaota siku ya 3 mpaka ya 5, na kama wiki ya 3 hadi ya 4 unaanza kula. Kula ya kwanza ni ile ya kupunguzia, unang'oa ile iliyobanana unaacha nafasi ya vidole vinne hivi kati ya mche na mche, hiyo uliyong'oa kata mizizi osha pika, ndo mchicha mtamu kuliko wote huo. Uliobaki ukifika urefu wa kama shubiri moja, kata ncha, acha shina lenye vifundo viwili vitatu chini pamoja na majani kadhaa. Kwenye kila kifundo patachipua tawi. Baada ya wiki moja au siku kumi unarudi unakata yale matawi. Unaweza ukakata hivyo mara tatu nne mpaka ukiona kila ukikata inarudisha maua badala ya majani, basi huo ng'oa, peleka kwenye mboji, panda kingine. Na usipande tuta zima siku moja! Gawa tuta vipande vitatu, panda kimoja, baada ya wiki mbili kingine, baada ya wiki mbili kingine, utakuwa na mchicha mchanga muda wote badala ya kuwa na mafungu arobaini wiki moja halafu mwezi mzima hakuna kitu.

Matembele. Haya ni mkombozi wa Dar, mchanga yanakubali, uvivu yanakubali, ukisahau kumwagilia siku mbili yanakusubiri. Unapanda marando, vipande vya urefu wa kama sentimita 30, unafukia nusu yake vifundo viwe chini. Wiki ya 5 au 6 yameshatambaa. Usichume jani moja moja kutoka katikati, chuma ncha, kile kipande laini cha mwisho chenye majani matatu manne kinachovunjika chenyewe ukikikunja. Kama hakivunjiki kinapinda tu, umeshuka chini sana, ni kigumu. Ukichuma ncha rando linatoa matawi pembeni na tuta linajaa. Kabla ya kupika yaanike juani kidogo yanywee, yale maji maji na ute vinapungua, halafu nazi. Hata wageni wasiopenda mboga wanaomba kuongezwa.

Sukuma wiki na chainizi. Sukuma miche unaihamisha ikiwa na wiki 4, nafasi nusu mita kati ya mche na mche, wengi wanabananisha halafu wanashangaa majani madogo. Baada ya miezi kama miwili toka kuhamisha unaanza kuchuma. Chuma majani ya chini, shika kikonyo karibu na shina ulivunje kwa kulisukuma chini na pembeni, litoke lote bila kubaki kipande, maana kipande kinachobaki kinaoza na wadudu wanaingilia hapo. Juu acha majani 5 au 6 siku zote. Ukila mpaka juu umeua mche. Kila siku 5 hadi 7 unarudi mche huo huo. Jani la njano chini lisilolika usiliache linaning'inia, toa, tupa. Chainizi haina uvumilivu kama sukuma, hiyo uichume uile mapema.

Bamia. Mdogo wangu mmoja alinipigia simu, "dada hizi bamia zangu mbona zimekuwa kamba?" Nikamuuliza unachuma kila baada ya siku ngapi, akasema Jumapili kwa Jumapili. Bamia haisubiri Jumapili. Ua likifunguka leo, siku ya 4 mpaka ya 6 bamia imeshafika urefu wa kidole, hapo ndo inachumwa. Ikizidi siku mbili tatu hapo ni nyuzi tupu. Kwa hiyo kila baada ya siku moja pita na kisu, kata kikonyo, usivute, na uvae shati la mikono mirefu maana vile vinyoya vinawasha. Ile iliyokupita ikakomaa kata pia hata kama huili, ikibaki juu mche unapunguza kutoa maua. Inaanza kuzaa kama siku 50 tu toka mbegu, haichelewi.

Nyanya chungu, ngogwe kama mnavyoita wengine, chuma ikiwa nyeupe au kijani inayong'aa. Ikianza kuingia rangi ya machungwa mbegu zimekomaa na uchungu umezidi. Bilinganya ngozi ing'ae, bonyeza na kidole gumba, ngozi ikirudi taratibu tayari, ikiwa imefifia haing'ai umechelewa. Hoho na bilinganya kata na kikonyo chake kwa kisu, ukivuta unavunja tawi zima, nimeona watu wanapoteza tawi lenye maua sita kwa ajili ya hoho moja.

Nyanya. Zikianza kubadili rangi tu, ile wekundu wa kitakoni, chuma, zitamalizia kuiva jikoni kwenye kikapu. Ukisubiri ziive juu ya mche kunguru, panya na funza wanakula kabla yako. Jirani yangu anasubiri ziwe nyekundu kabisa, kila mwaka anakula nusu.

Majani ya maboga na ya kunde unachuma ncha vile vile, la boga acha ncha moja mbili ziendelee kama unataka na maboga yenyewe, na ukumbuke kutoa zile nyuzi za kikonyo. Kisamvu cha mpira kama unacho kwenye uzio chuma majani machanga ya juu tu, twanga vizuri na chemsha muda mrefu bila haraka, kisamvu kina sumu ambayo inaondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa vya kutosha, hapo usifupishe hata kama gesi inaisha.

Maji

Udongo wa sehemu kubwa ya Dar ni mchanga, maji yanapita kama kwenye chujio. Hesabu ninayotumia ni rahisi, dumu moja la lita 20 kwa tuta la mita 1 kwa 3 au 4 kila asubuhi ambayo haijanyesha, kiangazi naongeza. Tena naimwaga kwa awamu mbili, nusu dumu tuta zima, nakwenda kuchuma, narudi na nusu nyingine, ile ya kwanza inakuwa imelainisha udongo ya pili inazama. Choma kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, kukiwa kukavu mwagilia, kukiwa na ubaridi unyevu acha. Kwenye viroba na ndoo ni tofauti, vinakauka haraka, hivyo pima kila siku, na hakikisha vina matundu chini.

Keni nzuri si lazima ununue, kopo la rangi la lita 4 lililotobolewa kwa msumari linafanya kazi ileile. Mwaga chini kwenye udongo kwa nyanya, usimwage majani. Na nyanya zipe maji ya kiwango kilekile kila siku, ukikausha siku nne halafu ukafurika siku ya tano zinapasuka na nyingine zinaoza kitako, lile doa jeusi chini. Watu wanadhani ni ugonjwa wanapulizia dawa, kumbe madini ya kalsiamu yanashindwa kufika kwenye tunda kwa sababu maji hayako sawa.

Sasa maji ya chumvi. Wenzangu wa Mbezi Beach, Kigamboni, na wengi wenye visima mnajua. Ukiona majani yanaungua pembeni yanakuwa kahawia wakati maji unaweka, ni chumvi. Ushauri wangu: yasiguse majani, mwaga chini tu, mwaga mengi mara moja yazame badala ya kunyunyiza kidogo kidogo kunakoacha chumvi juu, tandaza nyasi kavu kupunguza jua kunyonya maji na kuacha chumvi, na maji ya mvua ukiyapata kwenye simtanki yawekee miche michanga. Maharage na karoti kwenye maji hayo utaumia moyo. Spinachi na mchicha zinavumilia zaidi.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yote yanaenda bustanini. Ya sabuni peleka kwenye mgomba. Na pipa la maji lifunikwe jamani, tena vizuri, au lifungwe chandarua cha zamani juu. Dar tumeshaona homa ya dengi 2014 na tena 2019, na mbu wake anazaliwa kwenye maji safi yaliyotulia pale pale nyumbani. Visahani vya chini ya ndoo, matairi, makopo, mwaga kila wiki.

Udongo na chakula cha mmea

Kwenye mchanga wetu bila samadi hakuna mboga. Kuandaa tuta jipya naweka debe moja la samadi ya ng'ombe iliyooza kwa kila mita moja ya mraba, nachanganya na udongo wa juu urefu wa kiganja, namwagilia, naacha wiki moja ndo napanda. Kama ni ya kuku nusu ya hapo, na iwe imekaa. Mwaka wangu wa pili nilichukua mbolea ya kuku bandani siku hiyo hiyo nikaweka chini ya miche ya sukuma thelathini, siku ya tatu yote imeungua kama imemwagiwa maji ya moto. Iliniuma sana. Mbolea ya kuku mbichi ina nguvu ya kuunguza, ilundike kivulini, lowanisha, funika na viroba, geuza geuza kila wiki, miezi miwili mitatu hivi ikishakuwa haina joto wala ile harufu kali ya kukata pua ndo itumie.

Baada ya kuchuma sana mboga inahitaji kurudishiwa, hili watu wanalisahau. Unatoa majani kila siku, unarudisha nini? Mi nafunga samadi kwenye kiroba, natumbukiza kwenye pipa la maji, nafunika, nakoroga kila baada ya siku mbili, wiki mbili iko tayari. Naichanganya na maji mpaka rangi iwe ya chai nyepesi, namwaga mzunguko wa shina, sio juu ya majani maana majani ndo nayakula. Kila baada ya wiki mbili, jioni. Mchicha unajibu ndani ya siku nne unaona kabisa rangi inabadilika.

Matandazo pia. Nyasi kavu, majani ya migomba, makuti yaliyochakaa yaliyokatwakatwa, tandaza unene wa vidole vinne kuzunguka miche lakini yasiguse shina. Maji yanadumu, magugu hayaoti, na udongo unakuwa mweusi mwaka hadi mwaka. Udongo wangu wa leo na ule niliouanza nao ukivishika huamini ni kiwanja kimoja.

Wadudu

Babu mmoja jirani yetu, mtu wa Lushoto, amelima mboga tangu yuko mdogo, aliwahi kupita nikiwa nimeshika bomba la dawa. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu, unapulizia nini?" Nikamwambia kuna vidukari kwenye sukuma. Akauliza miche mingapi. Mitatu. Akasema, "Sasa mitatu si una vidole?" Akaniegemezea fimbo yake ukutani, akainama, akavisugua vyote kwa vidole akasuuza na maji, dakika tano zikawa zimeisha. Toka siku hiyo silaha yangu ya kwanza ni mkono. Kiwavi unamtoa na kumkanyaga. Konokono wale wakubwa wa baada ya masika unawafuata usiku na tochi saa 3, unaokota kwenye ndoo, usiku tatu mfululizo wamepungua kabisa.

Ukizidiwa, mwarobaini. Kilo moja ya majani mabichi twanga, loweka kwenye maji lita 5 usiku mzima, chuja na kitambaa, weka sabuni ya maji kijiko kimoja, pulizia jioni jua limelala, chini ya majani hasa. Jua linaua nguvu yake kwa hiyo asubuhi unapoteza. Rudia baada ya siku 5 hadi 7. Kwa inzi weupe chukua kipande cha ndoo ya njano, kipake grisi, kining'inize kwenye usawa wa mimea, wanakifuata wenyewe wananasa.

Nyanya angalia kantangaze. Utaona jani lina mabaka meupe kama karatasi, ndani kuna kiwavi anatembea. Chuma jani hilo siku hiyo hiyo, fungia kwenye chombo uweke juani au lichome, usilitupe kwenye mboji. Na mche wa nyanya uliong'oka ukaona mizizi ina vinundu vinundu kama shanga, hiyo ni minyoo fundo, iko sana kwenye mchanga. Chimbua mizizi yote uichome, na usirudishe nyanya, bamia wala bilinganya pale, chimbua tuta uliache lipigwe na jua la Januari na Februari.

Ukiamua kutumia dawa ya dukani, soma kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na uzifuate kama zilivyo. Wengi wetu tumeanza kulima nyumbani kwa sababu ya wasiwasi na mboga zinazomwagiliwa maji machafu ya mabondeni, sasa ukija kupulizia dawa leo ukala kesho watoto umewasaidia nini.

Majivu nayatumia sana kwenye mbegu. Sisimizi wa Dar wanabeba mbegu za mchicha moja moja mpaka tuta linabaki tupu, nyunyiza majivu mstari kuzunguka tuta siku ya kupanda, ukimwagilia yakilowa weka mengine.

Kazi za Jumamosi

Wikiendi natenga masaa mawili. Napalilia kwa mkono, magugu madogo ndo rahisi, usisubiri yawe makubwa. Nafunga nyanya kwenye vijiti kwa vipande vya khanga ya zamani, fundo la nane, lisibane shina. Natoa yale machipukizi yanayoota kwenye pembe kati ya jani na shina, kwa zile nyanya zinazorefuka, zile fupi za kichaka kama Tanya au Cal J siyapunguzi sana natoa ya chini tu yanayogusa udongo. Nakagua uzio, maana kuku wa jirani ukimpa tundu la kiganja kesho hukuti mche. Nasia mbegu za kitalu kwenye trei au beseni lililotobolewa, nafunika na makuti mpaka ziote halafu naondoa taratibu.

Mbegu nunua kwenye pakti iliyofungwa, angalia tarehe na kibandiko cha TOSCI, ile taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Mwaka jana nilinunua za kupimiwa na kijiko kwenye kopo kwa sababu zilikuwa bei rahisi, nikapanda matuta mawili ya hoho, hakuna hata moja iliyoota na msimu ukawa umenipita.

Zikizidi

Kuna wiki utachuma ukashindwa kumaliza, hasa mwezi wa nane. Kabla ya kuweka kwenye friji usioshe, ukiosha zinaoza, funga na kitambaa kibichi kilichokamuliwa au gazeti. Mifuko ya plastiki si tumeshaachana nayo toka 2019, na kitambaa kwa kweli ni bora kwa sababu mboga inapumua. Sukuma inakaa siku tano, mchicha siku mbili tatu. Jirani pelekea. Mi naweka ungo mlangoni kwa mama wa nyumba ya pili na yeye ananipa mayai, hatujawahi kuhesabiana. Au fanya kama wenzetu wa Dodoma wanavyokausha majani ya kunde na mlenda, chemsha dakika mbili, kamua, tandaza kwenye ungo kivulini penye upepo, funika na chandarua inzi wasitue, siku mbili tatu yakilia kama karatasi weka kwenye ndoo ya mfuniko. Ukija mwezi wa kwanza jua linachoma kila kitu unatoa kiganja kimoja unaweka karanga.

Na usichume kila kitu. Chagua miche mitatu minne ya mchicha, ile iliyochelewa kutoa maua kuliko mingine, majani mapana, haijaguswa na wadudu, ifunge kitambaa chekundu ili mtu yeyote nyumbani asiikate. Iache irefuke itoe mashuke. Mashuke yakianza kukauka na ukiyasugua mkononi mbegu nyeusi zinazong'aa zinadondoka, kata asubuhi yakiwa na ubaridi kidogo zisipukutike, anika juu ya khanga siku tatu, piga piga, peta na ungo, changanya na majivu makavu kidogo, weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko, bandika karatasi uandike mboga gani na tarehe. Hizo ni za vuli, mvua za kwanza za Oktoba au Novemba zikidondoka unazo.